GIDEON WERE NA VITABU VIWILI VYA MWAKA 1967

Miongoni mwa Waafrika waliotangulia kuiandika historia ya Kenya kitaaluma, hatuwezi kuliacha jina la Profesa Gideon Saulo Were. Alizaliwa mwaka 1934, akafundisha historia kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na kuaga dunia katika miaka ya 1990. Wengi waliopitia shule za upili walimjua kwa kitabu kimoja tu, East Africa Through a Thousand Years, alichokiandika pamoja na Derek Wilson na kilichotoka mwaka 1968. Makala haya yanamtazama kwa upande mwingine. Were aliacha, pengine bila kukusudia, nyenzo bora kabisa ya kumfundishia mwanafunzi wa Butere utafiti ndani ya maktaba ya shule yake.

Were alipoanza utafiti wake katika miaka ya 1960, mengi yaliyokuwa yameandikwa kuhusu Waluyia yalitoka kwa watawala, wamishenari na wanaanthropolojia wa kigeni, kama vile Günter Wagner. Nyaraka zenyewe zilikuwa changa. Huko Butere, kwa mfano, kituo cha wamishenari wa CMS kilifunguliwa mwaka 1912. Kwa karne zilizotangulia hapakuwa na karatasi ya kufungua. Walikuwapo wazee. Were akawaendea, ukoo baada ya ukoo, akiwasaili kuhusu nasaba, uhamaji, vita na mahame. Alipokosa tarehe, alihesabu vizazi ili kukadiria miaka.

Kazi hiyo ilizaa vitabu viwili katika mwaka huo mmoja wa 1967. Cha kwanza, A History of the Abaluyia of Western Kenya, kinatoa hoja zake: kwamba Waluyia hawakutoka katika shina moja, bali ni mkusanyiko wa koo zilizofika kwa nyakati na njia mbalimbali, baadhi zikiwa na asili ya Kikalenjin na Kimaasai. Cha pili, Western Kenya Historical Texts, kinatoa masimulizi yenyewe aliyoyakusanya. Hapa ndipo ninapomwona Were kuwa mwalimu kuliko alivyokuwa katika kitabu chake cha shule. Anamkabidhi msomaji ushahidi ule ule alioutumia yeye, ili msomaji akitaka amkosoe. Si watafiti wengi wanaothubutu kufanya hivyo.

Na tuchukue mfano. Wazee wengi wa Magharibi ya Kenya walisimulia kwamba wahenga wao walitoka Misri. Mwanafunzi asiyefunzwa ataandika hivyo daftarini na kufunga kitabu. Aliyefunzwa atauliza: jina hili limefikaje kinywani mwa mzee? Misri ni neno la Kiarabu lililoingia katika Kiswahili, na misafara ya Waswahili ilikuwa imekwisha kufika kwa Nabongo Mumia, jirani na Butere, kabla ya utawala wa Waingereza. Baadaye ikaja Biblia na habari za Musa na Farao. Je, masimulizi haya yalikuwapo kabla ya hayo yote, au yalivikwa jina jipya? Kisha atakichukua kitabu cha John Osogo, A History of the Baluyia, kilichotangulia kwa mwaka mmoja tu, 1966, aone waandishi hawa wawili wanapoafikiana na wanapoachana. Zoezi hili halihitaji kompyuta. Linahitaji meza, vitabu vitatu na mwalimu asiyeogopa swali lisilo na jibu katika karatasi ya kusahihishia.

Kwa bahati mbaya, kilichoenea shuleni ni kile cha 1968, ambamo hoja humfikia mwanafunzi zikiwa zimekwisha kuiva, kama ilivyo ada ya vitabu vya kiada. Mtihani nao ulidai kukariri. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, unamtaka mwanafunzi atafute maarifa mwenyewe. Lakini kumwambia mtoto atafute bila kumwonyesha namna ya kupima akipatacho ni kumtuma kisimani na pakacha.

Were mwenyewe hakuacha kukusanya. Mwaka 1977 alitoa insha zake kuhusu dini za Kiafrika za Magharibi ya Kenya. Katika miaka ya 1980 aliiongoza Taasisi ya Taaluma za Kiafrika jijini Nairobi, ambapo alihariri ripoti za utamaduni na maisha ya jamii katika wilaya mbalimbali, Busia ikiwa mojawapo. Alihariri majarida ya kitaaluma na hata kuanzisha kampuni ya uchapishaji yenye jina lake.

Wazee aliowasaili wamekwisha kufa. Vitukuu vyao ndio wanaoketi leo katika madarasa ya Butere, Khwisero na Mumias, na masimulizi ya mababu zao yamehifadhiwa katika kitabu ambacho aghalabu hukipati ila katika maktaba za vyuo vikuu.