Sewa Haji Paroo: Tajiri wa Bagamoyo Aliyewaachia Wagonjwa Nyumba Zake



Ndugu msomaji, mwaka jana mama yangu alipona akiwa hospitalini lakini hakuruhusiwa kutoka. Daktari alikwisha kumuaga, ila bili ilikuwa haijalipwa. Akakaa siku tisa kitandani akiwa mzima, na kila siku ile bili ikaongezeka.

Waliomtoa ni watu wa mtaa. Baada ya swala ya Ijumaa kofia ilizunguka msikitini. Jioni yake mzee wetu wa nyumbakumi, ambaye ni Mkatoliki, akapita nyumba kwa nyumba katika avenyu yetu hapa Kinama akiwa na daftari na kalamu. Mama anayeuza ndagala sokoni alitoa noti ya faranga mia tano, nami najua hiyo ilikuwa faida yake ya asubuhi nzima. Siku ya kumi mama alirudi nyumbani.

Mwezi na nusu baadaye kijana wa jirani, anayebeba abiria kwa baiskeli, alivunjika mguu. Kofia ikazunguka tena, na safari hii ikarudi nyepesi. Watu hawakuwa wamepungukiwa na imani, walikuwa wamepungukiwa na pesa. Yule kijana alikaa hospitalini wiki nne zaidi, na aliporudi baiskeli ilikwisha kuuzwa.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: kwa nini msaada wetu uwe na nguvu kwa mgonjwa wa kwanza, kisha umkose wa pili? Katika kutafuta jibu nikakutana na maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 120 iliyopita, ambaye jina lake watu wa Dar es Salaam wanalitaja kila siku, wengi bila kujua alikuwa nani.

Kijana wa dukani

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika familia ya Wahindi Wakhoja iliyotoka Kutch na kufungua biashara Unguja na Bagamoyo. Jina lake lenyewe kwa Kigujarati lina maana ya huduma. Akiwa bado kijana aliingia katika biashara ya baba yake, na baadaye akaishika yote.

Bagamoyo ya wakati ule ilikuwa mlango wa bara. Kutoka pale njia ya misafara ilipita Tabora hadi Ujiji, ukingoni mwa ziwa letu la Tanganyika. Msafara ulitembea miezi, na kila mpagazi alibeba mzigo wa karibu kilo 30. Kwenda bara walibeba nguo, shanga na nyaya za shaba, na kurudi pwani walibeba pembe za ndovu. Aliyetaka kusafiri alihitaji mambo mawili: bidhaa za kubadilishana njiani, na wapagazi wa kuzibeba. Sewa Haji aliuza yote mawili.

Mwaka 1871, alipokuwa na miaka ishirini tu, alifikiwa na Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa anamtafuta Livingstone. Sewa Haji akampatia wapagazi. Stanley alilalamika sana kuhusu yule kijana katika kitabu chake, akidai kwamba hesabu zake hazikuwa safi.

Ndugu msomaji, habari hii inatuhusu sisi watu wa Bujumbura. Novemba ya mwaka ule Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, na wote wawili wakapanda mtumbwi kuja kaskazini kuutazama mto Rusizi. Lile jiwe la Mugere, ambalo wengi wetu tumewahi kupigia picha, ni ukumbusho wa safari hiyo. Kwa hiyo msafara ulioanza na wapagazi wa kijana wa Bagamoyo uliishia karibu kabisa na hapa tunapoishi. Kwa njia hiyohiyo ya misafara Kiswahili kilifika mwambao wetu, na kwa njia hiyo Uislamu ulifika.

Mali na maswali yake

Miaka iliyofuata Sewa Haji alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pwani. Wamishonari, wapelelezi na wafanyabiashara walipita dukani kwake kabla ya kwenda bara. Vita vya Abushiri vilipoisha mwaka 1889 na Wajerumani wakaishika nchi, alijua kuishi nao pia. Aliendelea kuwa na majumba Bagamoyo, na makao makuu ya Wajerumani yalipohamia Dar es Salaam mwaka 1891 akawa na majumba huko pia.

Sitaki kuficha upande wa pili wa habari hii. Biashara ya misafara haikuwa biashara safi. Pamoja na pembe zilipita bunduki na baruti, na katika njia zilezile watu walitembezwa wakiwa wamefungwa minyororo. Wazee wetu wa Burundi wanakumbuka kwamba Mwami Mwezi Gisabo alipigana na kina Rumaliza wa Ujiji kuwazuia wasiingie nchini. Mtu aliyetajirika kwa kuhudumia njia hiyo hawezi kusimuliwa kana kwamba alikuwa malaika.

Ila kuna jambo moja ambalo Sewa Haji aliliona kila siku kutoka mlangoni pa duka lake. Wapagazi wale waliomtajirisha walirudi pwani wakiwa na vidonda vya mabegani na miguuni, na wengine wakiwa na ndui. Mzigo ukishapokelewa na mshahara ukishalipwa, hakuna aliyekuwa na wajibu juu yao. Wagonjwa hao hawakuwa watu wa mbali kwake. Walikuwa majirani zake.

Hospitali, shule na nyumba

Katika miaka ya 1890, akiwa bado na nguvu zake, alianza kutoa. Bagamoyo alitoa jengo kwa ajili ya shule, akalikabidhi kwa serikali kwa sharti kwamba ipokee watoto wa rangi zote bila kubagua dini. Fikiria, ndugu msomaji: zama zile kila jamii ilikuwa na upande wake wa mji, naye alitaka mtoto wa Kihindi na mtoto wa Kiafrika wakae katika darasa moja.

Kisha akatoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam. Mwaka 1897 Wazungu walipata hospitali yao nzuri pale ufukweni, ambayo leo ni taasisi ya saratani ya Ocean Road. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyoitwa kwa jina la Sewa Haji. Yeye mwenyewe alifariki Unguja Februari ya mwaka huohuo wa 1897, akiwa na miaka 46 hivi.

Jambo lililonifanya niandike makala hii liko katika wasia wake. Majumba na viwanja vyake vya Bagamoyo na Dar es Salaam aliviacha kwa sharti kwamba kodi yake iwasaidie wenye ukoma na kugharamia mahitaji ya wagonjwa wa hospitali ile. Hakuacha fungu la pesa la kugawa mara moja. Aliacha nyumba zinazozaa, akasema mazao yaende kwa nani.

Sisi tuliosoma madrasa tunalijua jambo hili kwa jina lake: ni wakfu. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar alimtaka ushauri Mtume (s.a.w.), naye akamwelekeza alizuie shamba lenyewe lisiuzwe wala kurithiwa, na matunda yake yawe sadaka. Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma kilichokuwa kikiuzwa maji, akakiacha wazi kwa watu. Na sote tumefundishwa kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu, la kwanza likiwa ni sadaka yenye kuendelea.

Najua baadhi ya wasomaji watasita kwa sababu Sewa Haji alikuwa wa madhehebu ya Ismailia. Hesabu yake, ya imani na ya mali, iko kwa Mola wake. Mimi natazama alichokiacha nyuma. Mwaka 1916 Wajerumani waliondolewa Dar es Salaam na Waingereza wakaingia, kama Wabelgiji walivyoingia kwetu mwaka huohuo. Hospitali haikufungwa. Iliendelea kuhudumia watu hadi ilipofunguliwa hospitali mpya ya Princess Margaret mwaka 1956, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Hata leo Muhimbili kuna jengo la wodi linaloitwa Sewahaji. Mtu akiuliza mgonjwa wake amelazwa wapi, hujibiwa kwamba yuko Sewahaji.

Kinama na sisi

Wengine watasema: huyo alikuwa tajiri, sisi ni wanafunzi tunaopanga chumba watu watatu. Ni kweli. Lakini hesabu ya wakfu haianzii kwenye ukubwa wa mali. Inaanzia kwenye uamuzi wa kutokula mtaji.

Katika avenyu yetu kila wiki kuna harusi au matanga. Kila mara viti na hema hukodiwa kutoka mbali, na pesa ya kukodi hutoka Kinama na kwenda mitaa mingine. Vijana wa jumuiya yetu tumependekeza tuchange kidogokidogo kwa miezi sita, tununue viti hamsini vya plastiki, hema moja na masufuria makubwa mawili. Vitakodishwa kwa bei nafuu. Viti vikivunjika vitanunuliwa vingine kutokana na kodi hiyo, na kinachobaki kitawekwa kwa ajili ya wagonjwa wanaozuiwa kwa bili. Daftari litashikwa na watu watatu, na litasomwa hadharani kila mwezi. Mama wa ndagala akitoa tena mia tano yake, safari hii haitaisha kwa mgonjwa mmoja.

Tumekubaliana karibu yote. Limebaki jambo moja, na ndilo gumu. Ndugu zetu kadhaa wanataka mfuko uwe wa Waislamu peke yao, kwa kuwa sisi ni wachache hapa Kinama na mahitaji yetu ni mengi. Hoja yao siidharau. Na ni kweli kwamba zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Qur'ani, hatuwezi kuigawa tutakavyo. Ila huu mfuko hautakuwa wa zaka. Ni sadaka, na mlango wa sadaka ni mpana: jirani ana haki yake hata akiwa si wa dini yetu.

Mimi nina ushahidi wangu. Daftari lililomtoa mama yangu hospitalini bado ninalo. Nimelisoma jina kwa jina, na zaidi ya nusu ya walioandikwa humo ni Wakristo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mama anaswali wapi. Kinama imepitia miaka mibaya ya vita katika miaka ya 1990, wakati mtu aliulizwa kwanza ni wa upande gani. Kizazi chetu kikianzisha mfuko, kisirudishe swali hilo mlangoni pa hospitali.

Sewa Haji, pamoja na dosari zake, aliandika sharti la shule yake wazi: wote waingie. Nadhani ndiyo sababu jina lake limebaki kwenye ndimi za watu ambao si kabila lake wala madhehebu yake. Wangekuwa wamekwisha kumsahau kama angewajengea watu wake tu.

Kikao ni Ijumaa ijayo baada ya swala ya Alasiri. Mimi nitapiga kura mfuko uwe wa avenyu nzima, na nitamwomba mzee wa nyumbakumi awe mmoja wa wale watatu watakaoshika daftari. Yule kijana wa baiskeli nimemwalika pia. Siku hizi anatembea vizuri, ila anabeba matofali kwa kibarua, na baiskeli bado hana.

Allah (s.w.t.) atujaalie tutoe katika vile tunavyovipenda, avitakase vilivyo mikononi mwetu, na awape shifaa wagonjwa wa mitaa yetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.