Robert Koch, homa ya mbu na kazi ya kwinini

Mzazi unayeishi Lushoto, kama mwanao hushuka Mombo au Korogwe wakati wa likizo, maisha ya Robert Koch yanakuhusu.

Daktari huyu Mjerumani alizaliwa mwaka 1843. Mwaka 1882 alitangaza kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobel. Hakufaulu kila mara: tuberkulini, dawa aliyoitoa mwaka 1890, haikuponya kifua kikuu.

Mwaka 1897 alifika huku kwetu kuchunguza malaria, pwani na katika milima ya Usambara. Aliona kuwa watu wa milimani walikuwa salama kwao, lakini wakishuka tambarare waliugua homa. Wasambaa waliiita homa hiyo mbu, jina la mdudu waliyesema anaileta. Wakati huo wataalamu wa Ulaya ndio kwanza walikuwa wakilithibitisha jambo hilo.

Koch alitegemea kwinini, dawa inayotokana na magome ya mti uliokuja kupandwa pia Amani, Usambara Mashariki. Inafanyaje kazi? Kila tindikali au besi dhaifu ina namba inayoonyesha jinsi inavyoshika na kuachia haidrojeni. Namba ya kwinini ni karibu 8.5. Katika damu, sehemu yake ndogo haina chaji, nayo hupenya hadi ndani ya kimelea. Humo mna kifuko chenye tindikali, ambamo kimelea humeng'enya damu yako. Kwinini ikiingia hapo hushika haidrojeni, hupata chaji, na kutoka huwa vigumu. Hujikusanya hadi kimelea anakufa kwa sumu ya mlo wake mwenyewe.

Lakini lazima dawa iendelee kuwemo katika damu kwa muda wa kutosha. Ukikatisha dozi, vimelea waliobaki huzaliana upya. Ukizidisha, kwinini huvumisha masikio na kushusha sukari mwilini.

Koch alifariki Mei 27, 1910. Leo malaria ya kawaida hutibiwa kwa dawa mseto, ila somo la Usambara halijabadilika: mtoto aliyekulia milimani hana kinga ya kutosha dhidi ya malaria. Akishuka, alale ndani ya chandarua chenye dawa. Akipata homa akiwa huko au wiki chache baada ya kurudi, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, na umweleze mhudumu alikokuwa. Akipata degedege, akilegea au akitapika kila kitu, usisubiri kuche.