Tumkumbuke mwalimu aliyetunga wimbo huu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe kosa langu mwenyewe, ambalo nadhani walimu wenzangu wengi pia wanalo.

Januari 21, 2024 timu yetu ya taifa ilicheza na Zambia huko Ivory Coast katika mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika, tukatoka sare ya bao 1-1. Hapa kijijini tuliutazama mchezo ule kwenye kibanda cha video, wazee kwa vijana. Kabla ya mpira kuanza zilipigwa nyimbo za mataifa yote mawili, na watu wakacheka kwani sauti ilikuwa ileile mara mbili. Kesho yake, tulipomaliza kuimba mstarini, mtoto wa darasa la tano akaniuliza kwa nini Wazambia wanaimba wimbo wetu. Nikamjibu bila kufikiri kwamba wametuiga, kwa kuwa sisi tulipata Uhuru kabla yao. Watoto walifurahi sana, lakini mimi nilirudi ofisini na wasiwasi, maana jibu lile sikulisoma mahali popote. Nililitunga palepale.

Ndugu Mhariri, wimbo huu naupenda tangu utoto. Niliwahi kukaa kwa shangazi yangu Tunduma, na asubuhi tuliweza kuwasikia watoto wa shule ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wakiimba. Sauti ilikuwa yetu ila maneno siyo. Kwa akili za kitoto niliwahurumia, nikidhani wameyasahau maneno. Baadaye, Afrika Kusini walipokuwa wenyeji wa Kombe la Dunia mwaka 2010, nilisikia watu wazima wakilalamika kwamba na hao nao wametuibia. Kumbe ukweli ni kinyume chake, nasi ndio tuliokopa.

Aliyeutunga aliitwa Enoch Sontonga. Alizaliwa yapata mwaka 1873 huko Uitenhage, mashariki ya Jimbo la Rasi, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini. Alikuwa Mxhosa. Alipata mafunzo ya ualimu katika chuo cha misheni cha Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg, mji uliokuwa ukikua haraka kwa sababu ya machimbo ya dhahabu. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Huyu hakuwa mtu mkubwa hata kidogo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kama mimi, akiongoza kwaya ya wanafunzi. Siku nyingine alihubiri kanisani, na alijua pia kazi ya kupiga picha. Nyimbo za kwaya yake alizitunga mwenyewe na kuziandika kwa mkono katika daftari. Mwaka 1897 alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha wimbo huu kwa Kixhosa, pamoja na sauti yake. Ulikuwa wimbo wa watoto wa shule kumwomba Mungu. Jambo la ajabu ni kwamba mwalimu huyu hakuliombea kabila lake wala kanisa lake, bali Afrika nzima. Wakati huo wakoloni walikuwa wamekwisha kuigawana Afrika, na karibu kila mahali Mwafrika hakuwa na sauti katika nchi yake.

Mwaka 1899 wimbo huo uliimbwa hadharani katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji mmoja Mwafrika. Basi ukaanza kutembea, kwani walimu wengine wa kwaya waliazima daftari lake wakanakili. Lakini mwenyewe hakukaa sana. Aprili 18, 1905 alifariki kwa ugonjwa wa tumbo akiwa na umri wa miaka 32 hivi, akazikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, sehemu waliyotengewa Wakristo weusi. Mimi nimekwisha kumpita umri.

Miaka saba baada ya kifo chake, Januari 8, 1912, wananchi wa nchi ile walikutana Bloemfontein wakaunda chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, na wimbo wake ukaimbwa pale. Mwaka 1923 Sol Plaatje, aliyekuwa katibu wa kwanza wa chama hicho, aliurekodi katika sahani ya santuri mjini London. Mwaka 1925 ANC waliufanya kuwa wimbo wa kufungia mikutano yao, na mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akaongeza beti saba. Desemba 9, 1961 Tanganyika ilipopata Uhuru, bendera yetu ilipandishwa kwa sauti hiyohiyo kwa maneno ya Kiswahili. Zambia wakafuata mwaka 1964. Zimbabwe waliutumia tangu 1980 hadi 1994, na Namibia nao wakaushika kwa muda mwaka 1990 walipojikomboa.

Sisi wa Mbeya tuna sababu yetu ya pekee ya kuukumbuka. Januari 1962 Nelson Mandela alitoroka kwao kwa siri, na ndege yake ikatua hapa Mbeya. Katika hoteli aliona Waafrika na Wazungu wameketi pamoja bila ubaguzi, na ameandika katika kitabu chake kwamba hapo ndipo alipojiona mtu huru kwa mara ya kwanza maishani. Wimbo ambao huko kwao ulikuwa wa wapigania haki, hapa ulikuwa na mwezi mmoja tu tangu uwe wimbo wa taifa.

Kaburi la mwalimu yule lilisahaulika kwa miaka mingi. Walioshughulika kulitafuta walihangaika katika vitabu vya makaburi chini ya jina la Sontonga, kumbe aliandikwa kwa jina la Enoch tu. Septemba 24, 1996 Mandela, sasa akiwa Rais, alizindua mnara juu ya kaburi hilo. Mwaka uliofuata wimbo wa taifa wa Afrika Kusini ukapangwa upya kwa lugha tano, ukianza na sauti ya Sontonga na kumalizia na ya wimbo wa zamani wa makaburu.

Lakini lile daftari halijaonekana hadi leo. Liliazimwa huku na huku, likaishia kwa jamaa mmoja wa ukoo, likapotea. Nyimbo nyingine alizotunga zimekwenda nalo. Jambo hili limenichoma, kwani mimi pia nilikuwa na daftari la nyimbo za kwaya nilizotunga nikiwa chuoni. Nilimwazima mwenzangu, halikurudi. Leo nakumbuka nyimbo tatu tu.

Nimekwisha simama mstarini na kuwaambia watoto kwamba niliwadanganya. Yule aliyeniuliza akataka kujua kama mwalimu Sontonga alifahamu kuwa wimbo wake ungefika Tanzania. Nikamjibu kwamba hakufahamu, alikuwa anafundisha kwaya tu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, tunapofundisha wimbo wa taifa tutaje na jina la aliyeutunga. Tena wale wenye nyimbo katika madaftari, wazinakili mara mbili na nakala moja wasiiazime kwa mtu yeyote.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbeya.