Patterson na Simba wa Tsavo

Nani kati yetu hajaiona ile reli ipitayo Londiani, Kipkelion na Fort Ternan ikielekea Kisumu? Ilianzia Mombasa mwaka wa 1896 ikafika ziwani mwaka wa 1901. Leo nawasimulia maisha ya mzungu aliyejenga daraja lake moja, na simba wawili waliomkosesha usingizi.

John Henry Patterson alizaliwa Ireland mwaka wa 1867. Aliingia jeshi la Uingereza akiwa kijana, akatumikia Bara Hindi. Mnamo Machi 1898 alifika Tsavo kusimamia ujenzi wa daraja la mtoni. Hakukaa sana, vibarua wakaanza kutoweka usiku. Simba dume wawili wasio na manyoya marefu shingoni walipenya boma za miiba wakawaburuta watu kutoka hemani. Si mchezo! Vibarua, wengi wao Wahindi, walirukia garimoshi wakatoroka, na kazi ikasimama kwa majuma matatu hivi.

Patterson alikesha mtini na bunduki. Tarehe 9 Desemba alimuua wa kwanza, na tarehe 29 wa pili. Daraja likakamilika mwaka wa 1899. Baadaye alidai kwamba watu 135 waliliwa. Wataalamu waliopima mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria, mwaka wa 2009, kuwa ni kama watu 35. Hata hao ni wengi.

Vibarua walidhani ni mashetani. Kumbe! Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe na nyati wengi sana Afrika Mashariki, mawindo ya simba yakapungua. Tena simba wa kwanza alikuwa na jino lililovunjika na jipu tayani. Atamkabaje nyati? Binadamu ni laini, wala hana pembe. Mwenye njaa hana mwiko.

Habari hizi zilinigusa kwa sababu ya mambo ya nyumbani. Sisi tunaishi kando ya msitu. Likizo iliyopita chui alibeba mbuzi wetu watatu. Babu alikasirika, akataka kutia sumu kwenye mzoga. Nilimsimulia habari za Tsavo, kisha nikamwuliza kwa heshima: Babu, ile mitego yetu ya nyaya msituni imenasa paa wangapi mwaka huu? Alinyamaza kitambo. Kesho yake tuliing'oa yote, tukaezeka zizi la mbuzi kwa mabati. Sumu aliizika.

Patterson naye aliandika kitabu mwaka wa 1907, akawa msimamizi wa wanyama pori nchini, kisha akapigana Vita Vikuu vya Kwanza. Ngozi za simba wake zilikuwa mazulia kwa miaka 25 hivi, hadi alipoziuzia jumba la makumbusho la Chicago mwaka wa 1924. Aliaga dunia Marekani mwaka wa 1947.

Msomaji mpenzi, ukimnyang'anya chui paa wake, usishangae akibisha hodi kwako. Kwetu bado tunamsikia akinguruma usiku, lakini mbuzi waliobaki wangali wazima. Nakomea hapo.