John Goodricke, Kiziwi Aliyepima Mwanga wa Nyota

John Goodricke alizaliwa mwaka 1764 katika mji wa Groningen, Uholanzi. Baba yake alikuwa Mwingereza. Alipokuwa mtoto mdogo aliugua, akawa kiziwi. Siku zile watu wengi walidhani kwamba kiziwi hawezi kufundishwa. Lakini wazazi wake walimpeleka Edinburgh, katika shule ya Bwana Braidwood, aliyefundisha viziwi. Baadaye akawa hodari wa hesabu.

Kisha alikaa katika mji wa York. Jirani yake, Edward Pigott, alikuwa mtazamaji wa nyota, nao wakawa marafiki. Mwezi wa Novemba 1782 Goodricke aliona ajabu: nyota iitwayo Algol ilikuwa imefifia, na baada ya saa chache iling'aa tena. Mwingine angalistaajabu tu, akaenda kulala. Goodricke aliendelea kuitazama. Kila usiku usio na mawingu aliilinganisha na nyota za jirani zisizobadilika, akaandika tarehe na saa. Mwisho akahesabu, akaona kwamba Algol hufifia kwa kipimo: kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49. Sababu ni nyota nyingine hafifu ipitayo mbele yake na kuikinga. Mwaka 1783 chama cha wataalamu cha London, Royal Society, kilimpa nishani. Alikuwa kijana wa miaka 19.

Mwaka 1784 alivumbua mabadiliko ya nyota nyingine, Delta Cephei. Mwanga wake huongezeka na kupungua kwa muda wa siku 5 na karibu saa 9. Hii haikingwi na kitu. Leo tunajua kwamba nyota yenyewe hutanuka na kusinyaa, kama kifua cha mtu anayepumua.

Goodricke alifariki tarehe 20 Aprili 1786, mwenye miaka 21 tu. Lakini kazi ya namna hiyo iliendelea. Mwaka 1978, huko Afrika ya Kusini, ilipimwa nyota yenye nguvu ya sumaku, ambayo mwanga wake hupanda na kushuka kila dakika 12.

Delta Cephei huonekana hata Nyangwe, mwishoni mwa Oktoba, saa mbili ya usiku, chini kidogo upande wa kaskazini. Kuichunguza kwataka macho, daftari na uvumilivu.

Maswali
1. Goodricke alijuaje kwamba Algol imefifia?
2. Kwa nini aliandika tarehe na saa?
3. Algol na Delta Cephei zatofautianaje?