John Napier, muzee aliyegeuza kuzidisha kuwa kujumlisha

Kwa mwanafunzi wa sekondari, log 8 + log 125 ni kazi ya mustari mumoja tu: 8 mara 125 ni 1000, jibu ni 3. Lakini mtu wa kwanza kuchapisha logaritimu hakukuwa na sheria nyepesi namna hiyo.

John Napier alizaliwa mwaka wa 1550 Merchiston, karibu na Edinburgh, inchini Uskoti. Hakukuwa profesa, alikuwa mwenye mashamba. Watu walimujua kwa kitabu chake juu ya Ufunuo wa Yohana, na kuko wenye walisema ni mulozi.

Wakati ule, wachunguzi wa nyota walizidisha namba za tarakimu saba kwa mukono. Kosa moja, kazi ya siku nzima imekufa. Napier alitumia karibu miaka 20 kutengeneza majedwali, akayatoa mwaka wa 1614 mu Kilatini: unatafuta namba zako mbili, unajumlisha, unarudi mu jedwali, jibu liko pale.

Ila kwake logaritimu ya 1 haikukuwa 0, ilipita milioni 161. Basi kila ukizidisha, kisha kujumlisha sherti utoe ile namba, sawa dereva mwenye analipa kwenye bariere kila safari.

Mwaka wa 1615 profesa Henry Briggs alitoka London kumutembelea, akakaa kwake karibu mwezi mumoja. Walikubaliana: logaritimu ya 1 iwe 0, ya 10 iwe 1. Bariere ikaondoka. Log (ab) ikawa log a + log b, bila kitu kingine. Kugawanya kukawa kutoa, na kipeo kikashuka mbele. Njo maana leo log (x³y) − log (xy) inabaki 2 log x: y inakufa, x² inabaki, na 2 inashuka.

Kwa Napier, kukubali vile kulikuwa kuweka pembeni jasho la miaka 20. Alikuwa amepita miaka 60, mugonjwa, nguvu ya kuanza upya hana. Alimwachia Briggs kazi, akafa tarehe 4 Aprili 1617. Mwaka wa 1624 Briggs alitoa logaritimu za namba 30.000, kila moja na tarakimu 14 kisha koma, zote za mukono.