Mekatilili na Mlango Mmoja wa Haki

Kila nipitapo Malindi husimama kidogo mbele ya sanamu ya Mekatilili wa Menza. Mama huyu hakuwa na cheo wala jeshi. Alikuwa mjane wa Kigiriama, tena mtu mzima, Waingereza walipowajia watu wake wakidai kodi ya vibanda na vijana wa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi.

Malalamiko yalikuwa mengi na kila boma lilikuwa na lake. Huyu alilia kodi, yule mwanawe, mwingine biashara yake ya pembe za ndovu. Alilofanya Mekatilili ni kuyakusanya. Alizunguka akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, hata umati ukamfuata. Na mwaka 1913 watu wakakutana Kaya Fungo. Huko wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume cha fisi, neno likawa moja. Kwamba aliyewakusanya alikuwa mwanamke ni jambo ambalo baadhi yetu hupenda kulisahau.

Oktoba mwaka huo alikamatwa, akahamishiwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi pwani kwa miguu. Akakamatwa tena, na Agosti serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Ilijua nguvu ya Wagiriama ilipo. Vita vikazuka, nyumba zikachomwa, wakatozwa faini ya rupia 100,000. Mwaka 1919 Mekatilili alirejea, akakaa kayani akiongoza baraza la wanawake.

Nayakumbuka haya niisomapo Katiba ya 2010. Ibara ya 59 iliunda tume moja ya haki za binadamu na usawa. Mwaka 2011 Bunge likaigawa mara tatu: haki za binadamu, jinsia na usawa, na haki ya utawala. Mwanasheria ataniambia kwamba Katiba yenyewe iliruhusu mgawo huo, nami sibishi. Ila mjane wa Ganze aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, kisha akazungushwa na karani, ana shauri la tume zote tatu. Aanzie wapi, na nauli ni yake mwenyewe?

Nawaomba wabunge wa Kilifi, kabla ya kumwekea Mekatilili shada jingine la maua, waulize Bungeni kwa nini tume hizo zisiunganishwe.